Yai Moja, Maana Moja

Kiingereza changu nilikinunua kwa mayai, tena kitenzi kimoja tu. Wenzangu walikipata bure shuleni wakakisahau bure. Mimi cha kwangu nilikilipia, ndiyo maana mpaka leo naweza kukutajia kila kipande chake na bei niliyotoa.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kitabu cha ubatizo kilisema kumi na minane, mama alisema kumi na sita, nikaamua kukaa katikati. Tuliishi wawili tu, mimi na mama, kwenye kihamba cha marehemu baba mlimani Meru, migomba juu, kahawa chini ya migomba, na kuku chini ya kila kitu. Kila Jumanne na Ijumaa nilitoka gizagiza, kikapu kichwani, nikashuka mjini Arusha kwa miguu. Kila yai nililifunga peke yake kwa jani kavu la mgomba. Niliyahesabu nyumbani, nikayahesabu tena nikivuka mto, maana njiani kulikuwa na watu wanaosalimia vizuri mno.

Nilikuwa na nyumba tano Uzunguni. Nyumba ya tano, karibu na mto Themi, ilikuwa ya bwana mmoja wa serikali aliyeshughulikia mambo ya ardhi na mifugo. Mke wake hakuamini yai wala mtu. Aliyazamisha mayai yangu kwenye beseni la maji mbele ya macho yangu, na lililoelea lilirudi kikapuni. Kwa miaka miwili yalielea matatu. Yeye alisema manne.

Mpishi wa nyumba hiyo alikuwa mtu wa Ngarenaro, mnene, mwenye kanzu isiyopata doa hata siku ya kukaanga. Alitaka nimwite Mjomba. Yeye aliniita Binti Mayai. Siku moja, memsahibu alipokwisha kuzamisha na kuondoka, nikamwambia:

“Mjomba, unifundishe Kiingereza.”

“Chote?”

“Sina mayai ya chote. Nipe neno moja lenye kazi nyingi.”

Aliweka mwiko chini. Nadhani hakuna aliyewahi kumwagiza neno namna hiyo, kama anayeagiza sufuria ya kupikia ugali na kuogea mtoto.

“Keep,” akasema. “Hilo litakufaa. Humu ndani wanalitumia tangu chai ya asubuhi mpaka taa zinazimwa.”

“Lina maana ngapi?”

“Nyingi.”

“Nyingi si idadi.”

Tukaanza kupatana. Yeye alitaka mayai mawili kwa maana moja. Mimi nilitaka maana mbili kwa yai moja. Tulikutana pale watu wote wanapokutana, yai moja, maana moja, na yai ni la kuku yeyote, mkubwa au anayeanza kutaga. Kifungu hicho cha mwisho nilikiongeza mimi.

Maana ya kwanza ilikuwa kunyamaza. Keep quiet. Memsahibu aliitumia zaidi kuliko zote, akimwambia mbwa, mtunza bustani na mara nyingine mume wake. Nililipa yai dogo kama limao. Ya pili ilikuwa kufuga, maana memsahibu naye alikuwa na kuku wake sita waliokuwa wakitaga kwa kiburi. Ya tatu ilikuwa kuendelea: keep stirring, koroga tu, usiache, hata mkono ukitaka kukatika. Ya nne ilihusu kukaa bila kuharibika. Nyama haikai, mayai yanakaa, maziwa yanakaa kwa sharti. Hapo nilianza kuona faida ya biashara yangu, kwa sababu tangu siku hiyo niliweza kumwambia memsahibu kwa lugha yake kwamba mayai yangu yanakaa. Alinitazama kama beseni limezungumza.

Ijumaa moja Mjomba akaniuzia “keep silent.”

“Hiyo nimeshainunua,” nikasema.

“Ile ilikuwa quiet. Hii ni silent.”

“Mtu akiambiwa hii anafanyaje?”

“Ananyamaza.”

“Na ile?”

“Ananyamaza.”

“Basi nirudishie yai langu, Mjomba.”

“Limeshaingia kwenye keki.”

“Ichukue hiyo silent uitie kwenye keki, kisha unipe maana nyingine.”

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanzu, nami nikapata “keep left” badala yake, ile ya magari kushika upande wa kushoto, neno ambalo mtu anayetembea na kikapu kichwani hana haja nalo. Lakini nililipokea. Bidhaa ni bidhaa.

Nilipofikisha maana kumi na moja, nilipohesabu mara ya pili zikawa kumi na mbili, nilikuta kitu uani kwa bwana yule. Mbao mpya zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimepakwa rangi nyeupe na kuandikwa kwa herufi nyeusi, zinakauka juani. Nilikuwa najua kusoma, wamisionari walitufundisha kusoma Kiswahili ili tusome Biblia. Nikalisoma neno la kwanza kwenye ubao wa kwanza. Lilikuwa neno langu. Niliona raha, kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Kwenye ubao wa pili lilikuwepo, na wa tatu. Zote. Nilizihesabu zikawa ishirini na nne. Nikazihesabu tena kutoka upande wa pili, zikawa ishirini na nne, na ile raha ikaisha.

Nikamuuliza Mjomba neno la pili kwenye mbao zile ni nini.

Hakuniomba yai. Hapo ndipo nilipojua kwamba si jambo zuri.

“Ni kwamba watu wasiingie,” akasema. “Zinapelekwa chini, mbugani, upande ule kwenu. Mezani wanazungumza hayo kila siku sasa. Patakuwa na mstari wa mawe. Ng'ombe atakayekutwa ndani ya mawe baada ya siku iliyotangazwa atazuiwa.”

“Atazuiwa wapi?”

“Mimi ni mpishi, Binti Mayai. Nasikia kati ya supu na nyama. Nikitoka kuleta nyama, sisikii.”

Sasa nikueleze habari za ng'ombe wa mama, maana ndiye kisa chote.

Baba alipofariki aliacha ng'ombe wanne. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, alikuja baada ya arobaini, akakaa, akanywa alichopewa, akawafungua wote wanne na kwenda nao zizini kwake. Hakufanya fujo. Alisema anawaangalia kwa ajili yetu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini, wa kusimama kandoni kukupisha njia hata kama una mzigo mdogo. Tangu hapo kila alipotukuta aliuliza habari za kahawa, za kuku, za kikohozi cha mama, na mwisho, kama mtu aliyetaka kusahau akakumbuka, “Na mengine je, shemeji?” Mama alisema hakuna mengine.

Lakini yalikuwepo. Mama alikuwa amechuma kahawa ya walowezi misimu mitatu akanunua mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kifuani, na mtamba huyo hakuwahi kulala kwetu hata siku moja. Alimwekesha kwa rafiki yake kule chini, mwanamke waliyebatizwa naye siku moja, ambaye nyumbani tulimwita Mama wa Chini.

Kuwekesha ng'ombe kwetu ni jambo la zamani na lina sheria zake. Mwenye ng'ombe anapata ndama. Anayemlisha anapata maziwa na mbolea, na hayo ndiyo malipo yake, hana mengine. Jambo lenyewe ni la watu wawili na halitangazwi. Ukimtembelea rafiki yako humwangalii ng'ombe wako sana, humgusi mbele za watu, humtaji kuwa wako. Watu wengine walifanya hivyo kwa kuogopa kijicho. Mama alifanya hivyo kwa kumwogopa shemeji yake. Kila baada ya wiki mbili alishuka “kumtazama rafiki,” na aliporudi nilimuuliza, “Rafiki anaendeleaje?” Naye alisema, “Ananenepa.”

Siku ile ya mbao rafiki alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nilifika nyumbani nikamweleza mama yote, mbao, mawe, mstari, siku iliyotangazwa. Nilidhani atainuka. Aliendelea kumenya ndizi.

“Atazaa baada ya miezi miwili,” akasema.

“Mama, mawe hayangoji miezi miwili.”

“Yule amemkatia majani miaka mitatu. Hajanywa hata tone. Hii ndiyo mimba ya kwanza. Nikimtoa sasa, nimemwibia maziwa yake.”

“Mwambie tutampelekea maziwa.”

“Maziwa ya zizi lipi? Huku nikimleta atalala wapi? Juu ya dari?”

Hapo hakuwa na makosa. Huku juu ng'ombe hafichiki. Anakula majani yanayobebwa kichwani, na majani yakipita njiani kila mtu anajua yanakwenda kwa nani. Nikasema basi tumpeleke kwa mwingine. Mama akasema ng'ombe mwenye mimba hahamishwi na mtu mwenye haya. Nilipotaka kuendelea akanitazama, nami nikatumia maana ya kwanza.

Mawe yalikuja. Sikuyaona yakiwekwa. Mama ndiye aliyeyaona, alisema yamepakwa chokaa na yanakwenda moja kwa moja bila kuzunguka mti wala mto wala nyumba ya mtu, kama yamewekwa na kipofu mwenye haraka. Jiwe moja lilikuwa kati ya nyumba ya Mama wa Chini na jiko lake. Askari walimwambia nyumba iko ndani na jiko liko nje. Alikuwa bado anapika upande mmoja na kulala upande wa pili.

Kisha wakaja kuandika. Karani alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akauliza kila mtu ana ng'ombe wangapi. Mama wa Chini alikuwa na ng'ombe wake watatu. Zizini walisimama wanne. Akasema watatu.

Karani akamwuliza huyu wa nne. Akasema si wake.

“Ni wa nani?”

“Yupo tu.”

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Mtu mwingine yeyote angesema wanne, yakaisha. Lakini kwetu ng'ombe uliyewekeshwa humwiti wako hata ukishikwa shingo, kwa sababu siku utakayomwita wako ndiyo siku umemla rafiki yako. Na humtaji mwenyewe, kwa sababu uliahidi. Basi akasema ukweli wote uliokuwa umebaki, ambao haukuwa mwingi. Angekuwa mwongo kidogo tu, angetuokoa.

Siku iliyotangazwa ilipita. Siku ya pili yake tulisikia wamekusanya ng'ombe wote waliokutwa ndani ya mawe na kuwafungia kwenye zizi kubwa la miti, mbugani, na wenyewe wanaitwa kuwatambua. Wasiotambuliwa watauzwa Jumamosi.

Tulikwenda Alhamisi. Tulianza kuliona vumbi kabla ya kusikia ng'ombe, kisha tukasikia ng'ombe kabla ya kuona watu, na nilipowaona watu nikashangaa jinsi walivyo kimya. Ule mlio wa ng'ombe wenye kiu, juu ya watu mia na kitu wasiosema neno, sijausahau. Mbao nyeupe zilikuwa zimeshapigiliwa. Kutoka tulipopita nilihesabu tisa.

Mbele ya lango palikuwa na meza, na mezani alikaa bwana wa nyumba ya tano. Pembeni mwake aliketi karani. Upande wa pili kwenye benchi walikaa wazee watatu, mmoja kwa kila upande wa mlima, kwa sababu serikali ilitaka mtu akisema ng'ombe ni wake, mzee wa kwao athibitishe. Mtu aliingia zizini, akagusa ng'ombe wake, mzee wake akasema “Ni wake,” karani akaandika, lango likafunguliwa.

Mzee wa upande wetu alikuwa baba mdogo.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alipotuona aliinuka nusu, kwa adabu, akamsalimu mama kwa kichwa. Macho yake yakaenda zizini, yakarudi kwetu. Sisi hatukuwa na ng'ombe. Tumefuata nini?

Mama wa Chini alikuwa ameshaingia. Aligusa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzee wa upande wake akasema ni wake. Yule mwekundu, tumbo limemshuka, alimfuata rafiki yake wa kumkatia majani mpaka langoni, askari akamrudisha kwa fimbo.

“Na huyu?” karani akauliza.

“Yupo tu,” akasema Mama wa Chini. Alipita mbele yetu na ng'ombe wake watatu bila kutuangalia, na machozi yalikuwa yakimtoka kama jasho, bila sauti.

Mama alisimama. Kwenye uso wake niliona hesabu yote ikipita. Akimtaja, lazima baba mdogo ndiye aseme ni wake. Baba mdogo hatasema ni wake. Atasema ni wa ukoo, na ukoo ndiye yeye. Asipomtaja, Jumamosi atauzwa, na mlowezi fulani atapata ng'ombe wawili kwa bei ya mmoja. Kwa njia zote mbili ng'ombe amekwenda. Ila kwa njia moja shemeji hatajua kwamba kulikuwa na kitu.

“Tuondoke,” mama akasema kwa Kimeru, polepole.

“Mama.”

“Twende. Kahawa inatungoja.”

Alinishika khanga. Nami nilikuwa na miaka kumi na saba na maana kumi na mbili nilizozilipia zote, na mtu aliyekaa pale mezani alikuwa anakula mayai yangu kila asubuhi. Nikaona njia ambayo mama hakuiona. Baba mdogo hajui Kiingereza. Karani anaandika anachoambiwa na bwana. Nikienda kwa bwana moja kwa moja, kwa lugha yake, benchi lile la wazee litabaki benchi.

Nikajivuta. Khanga ikabaki mkononi mwa mama.

Niliingia zizini, nikaweka mkono kwenye lile doa jeupe, mara ya kwanza maishani kumgusa. Alikuwa wa moto. Ndama alicheza ndani. Nikasema, kwa sauti, “Sir, I keep this cow.”

Ilikuwa maana ya pili, ile ya kufuga kuku. Sikukosea. Nimewahi kuulizwa kama nilikosea neno, na watu hupenda niseme ndiyo, ili kisa kiwe cha kuchekesha. Neno lilikuwa sahihi na lilifanya kazi yake yote. Bwana aliinua kichwa, akanitambua, uso wake ukafunguka.

“Good Lord,” akasema, “the egg girl.”

Akamweleza karani, karani akacheka kwa kiasi kinachompasa karani. Watu waligeuka wote. Nilisimama pale na mkono juu ya ng'ombe, na kwa muda kama wa kumenya ndizi moja niliamini kwamba nimeshinda.

Kisha bwana akageukia benchi, kwa wema kabisa. Alitaka kunisaidia. Akauliza kwa Kiswahili chake:

“Huyu mtoto ya nani? Anasema hii ng'ombe yake. Iko kweli?”

Baba mdogo aliinuka. Alimtazama yule ng'ombe pembe, akamtazama kiwele, akamtazama tumbo, na nilijua anahesabu wawili. Akamtazama Mama wa Chini, aliyekuwa amesimama mbali na watatu wake. Akamtazama mama na khanga yangu mkononi. Nilimwona akirudi nyuma wiki moja moja, mpaka zile safari zote za kumtazama rafiki zikamkalia sawa.

“Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, Bwana,” akasema kwa ile sauti yake ya chini. “Ni kweli. Ng'ombe ni wa nyumbani kwetu.”

Karani akaandika. Aliuliza jina la mwenye ng'ombe, baba mdogo akataja lake.

Lango likafunguliwa. Baba mdogo aliingia mwenyewe na kamba, akamfunga vizuri, bila kumuumiza, maana alikuwa mtu wa kujua ng'ombe. Akanipa mkono.

“Asante sana, mwanangu. Bila wewe tungempoteza.”

Na alipompita mama akasimama kandoni kumpisha, kama kawaida yake.

“Kumbe shemeji ulikuwa unanitunzia,” akasema. “Mungu akubariki.”

Tulipanda mlima nyuma yao. Njia ni moja, hakukuwa na namna ya kupita kwingine. Kila ng'ombe alipopumzika ilitubidi na sisi tupumzike. Mama alinirudishia khanga yangu, nikajifunga. Nilingoja anitukane mpaka tulipofika nyumbani. Niko tayari kuapa kwamba ningelipa mayai ya mwezi mzima anitukane.

Alizaa zizini kwa baba mdogo, jike, mwenye doa la mama yake. Habari tulizipata kanisani. Jumatatu yake mama alivaa vizuri akaenda, nami nikamfuata. Hakuomba ng'ombe. Hakuomba ndama. Aliomba maziwa ya siku saba tu, ampelekee Mama wa Chini kule walikohamishiwa, kwa sababu ni yake.

Baba mdogo alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwahi kumkatiza mtu.

“Lakini shemeji,” akasema, “maziwa si ni ya mwenye zizi? Anayekata majani ndiye anayekunywa. Au mila imebadilika?”

Mama akashukuru kwa kuketishwa, akainuka. Tulipofika kwenye mimea ya masale ya mpaka, baba mdogo akatuita. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

“Shemeji. Wako wangapi wengine?”

Mama hakugeuka mwili wote, aligeuza shingo tu.

“Muulize mwanao,” akasema. “Ndiye anayejua kusema.”

Hilo ndilo tusi nililokuwa nikilingoja. Lilichelewa zaidi ya mwezi, lakini halikuwa limeharibika hata kidogo.

Baada ya hapo niliendelea kupeleka mayai nyumba ya tano. Bwana alipoamka mapema alinisalimu kwa Kiingereza na kuniuliza kama bado nafuga ng'ombe wangu, nami nikasema yes sir. Mjomba alisema amepata maana nyingine mbili, nzuri, bei ya moja. Nikamwambia nimeacha biashara. Akaniangalia, akafungua kabati, akanipa kipande cha keki nikale njiani.

Nyumbani mama alizungumza nami vizuri, juu ya kahawa, juu ya kuku. Hakuwahi tena kuniambia habari za rafiki.

Ukutani kwetu palining'inia vibuyu vitatu vya maziwa, vya tangu enzi za baba, vikavu, havina kazi. Alhamisi moja nilivihesabu vikawa viwili. Nikahesabu tena, viwili. Ijumaa vilikuwa vitatu, na cha katikati kilinukia moshi mpya, ule wa kusafishia kibuyu kinachotumika. Alhamisi iliyofuata vikawa viwili tena. Mama alikuwa ametoka kabla sijaamka, na safari hii njia aliyoshika, kwa nyayo zake kwenye umande, haikuwa ya kushuka. Ilipanda, kuelekea msituni.

Sikuuliza kama kuna rafiki mwingine. Nilichukua jembe nikaenda kupalilia karibu na njia, ili apitaye anione mimi, asimtafute mama.

Baba mdogo alipita saa ya kuanika nguo. Nikamwamkia, akaitika. Aliuliza habari za kahawa, za kuku, za kikohozi cha mama. Akatazama mlango wetu uliofungwa.

“Shemeji yuko wapi?”

“Amekwenda kanisani,” nikasema.

Akasimama kandoni, kama ananipisha, ingawa mimi nilikuwa shambani na yeye njiani.

“Leo Alhamisi,” akasema.

“Ndiyo, baba. Alhamisi.”

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akainamisha macho chini, kwenye umande, akaanza kutazama nyayo.